Mwongozo wa Kubana Luku katika Nyumba ya Vyumba Sita na Mita Moja

Mwongozo huu haumhusu mwenye nyumba yake, geti lake na mita yake. Huyo akiacha taa za ukuta ziwake mpaka saa tatu asubuhi, shauri yake. Tunasema nawe unayepanga Dar es Salaam, uswahilini, katika nyumba ya vyumba sita: uani bomba moja, choo kimoja, kamba za kuanikia zinazogombewa tangu alfajiri, na kibarazani, juu ya mlango wa chumba cha mbele, mita moja ya Luku, ya umeme wa kulipia kabla, inayohudumia watu karibu ishirini. Wewe ndiye mtaalamu halisi wa kubana umeme, kwa sababu umeme unaoubana ni wa jirani.

Vitendea kazi unavyohitaji ni vichache: daftari la michango lenye jalada lililoraruka, kalamu iliyofungwa kamba, na kumbukumbu nzuri. Daftarini mnaandika nani katoa elfu mbili, nani kasema "kesho", na nani alisafiri ghafla kwenda msibani Tanga siku ileile uniti zilipokwisha, akarudi zilipojazwa.

Teueni mlinzi wa taa

Kila nyumba ya namna hii ina mtu mmoja aliyezaliwa na kipaji cha kuona balbu inayowaka bure. Mara nyingi ni babu wa chumba cha mbele, mstaafu, anayedai kulala saa tatu usiku na kuamka saa kumi alfajiri, na muda wote huo mlango wake umeachwa wazi kidogo kwa shughuli za upelelezi. Mpeni cheo rasmi. Kazi yake ni kupita koridoni akizima taa ya choo wakati mtu bado yumo ndani, kugonga kwa bachela wa chumba cha pili saa sita usiku na kuuliza, "Kijana, bado unasoma?", na kuchomoa chaja zilizobaki ukutani bila simu, azihifadhi ziwe ushahidi kwenye kikao cha Jumapili.

Kazi hii ina heshima kubwa. Faida yake ni jambo jingine. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi inatumia kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Simu yenye betri kubwa ya mAh 5,000, ikijazwa kutoka sifuri, inakula kama sehemu moja ya arobaini. Yaani uniti moja inatosha kuchaji simu za nyumba nzima, za wageni na za kijiwe cha bodaboda hapo nje. Ama chaja iliyochomekwa bila simu, ikiwa si ile mbovu ya kuokota, ikae ukutani mwezi mzima haimalizi hata hiyo sehemu moja ya kumi.

Hesabu hizi usimwonyeshe mlinzi. Mtu mzima ameshapewa cheo, ameshanunua tochi.

Mkitaka apate ushindi wa kweli, mwelekezeni kwenye balbu za zamani, zile za njano zenye kiwaya ndani, zinazounguza vidole. Moja ya wati 60 ikikesha inakula uniti 0.72, sawa na LED karibu saba. Kama bado kuna moja inaning'inia uani kwa sababu "haijaungua", mlinzi aitoe kwa mkono wake mwenyewe, kwa sherehe ndogo, swichi ikiwa imezimwa.

Na kama kweli anapenda kuchomoa, achomoe king'amuzi. Kile kisanduku chini ya televisheni chenye kitaa chekundu hudai kimelala, lakini vingi hukesha. Kikivuta wati 10 usiku na mchana, mwezi ukiisha kimekula uniti 7 na ushee, kupita chaja zote za nyumba zikiachwa ukutani mwezi huohuo. Tatizo ni kwamba king'amuzi kimo chumbani kwa mlinzi, na kikichomolewa huchelewa kuwaka, na taarifa ya habari ya saa mbili haimsubiri mtu.

Mita inakonyeza

Sehemu hii usiisome kwa sauti, nyumba inaweza kuvunjika.

Shika kanuni moja: ndani ya nyumba, kinachokula umeme ni kile kinachotengeneza joto na kile kinacholifukuza. Pasi, jagi la kuchemshia, koili ya maji na jiko la umeme. Upande wa pili friji, friza na kiyoyozi. Vinavyotoa mwanga na kelele ni wasindikizaji. Hata sabufa ya bachela, pamoja na laana zote inazobeba, inakula kidogo kuliko pasi yake. Ubaya wa sabufa uko masikioni, kwenye mita haumo. Lakini joto halionekani dirishani wala halisikiki ukutani, ndiyo maana hakuna nyumba iliyowahi kuteua mlinzi wa joto.

Anayeliona ni mita. Itazame usiku: ina kitaa chekundu kinachokonyeza, na pembeni pameandikwa idadi ya makonyezo kwa kila uniti. Ikiwa imeandikwa 1000, basi kila konyezo ni sehemu moja ya elfu ya uniti imeondoka. Balbu ya wati 9 ikiwaka peke yake, mita inakonyeza mara moja kila baada ya karibu dakika saba, kwa uvivu. Feni ya pangaboi ya wati 60, mara moja kila dakika. Koili ya kuchemshia maji ya wati 1,500 haina aibu: konyezo kila sekunde mbili na nusu, bila kupumzika.

Sasa wewe, mpelelezi mpya, amka saa kumi na nusu alfajiri ujifanye unakwenda msalani. Taa zote zimezimwa. Sabufa imenyamaza. Bachela anakoroma. Mita kibarazani inakonyeza mbio mbio. Fuata waya kwa macho tu, usifuate kwa miguu, na utagundua kwamba joto linatoka chumba cha mbele, kwa mlinzi wa taa mwenyewe, ambaye amechovya koili kwenye ndoo ya lita 20 na amekaa kando yake gizani, taa ameizima ili kubana umeme.

Hapo kuna suala la adabu. Mzee haulizwi "Mbona unakula umeme?" Mzee anaamkiwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mapema?"

"Tumbo tu, babu. Naona maji yako yanafuka moshi."

"Mifupa hiyo, mjukuu wangu. Mifupa. Halafu ukitoka huko uzime taa."

Kupasha ndoo hiyo kutoka nyuzi 25 hadi 45, joto la kuoga vizuri, kunahitaji karibu nusu uniti. Ni umeme wa kuiwasha ile balbu ya LED siku mbili nzima, usiku na mchana. Babu akiiacha mpaka itokote inakaribia uniti moja na robo tatu, kisha anakaa anasubiri ipoe ili aweze kuoga, na ile ya ziada yote imepotelea hewani, imekwenda kulipasha joto jiji la Dar es Salaam, ambalo halikuomba.

Dawa yake ni ya bure nayo inachomoza kila siku. Ndoo yenye mfuniko ikiwekwa juani saa nne asubuhi, kufika saa tisa alasiri maji yamekuwa ya mgonjwa. Na ikiwa nyumba ina tangi jeusi juu ya mnara, bomba lenyewe jioni hutoa maji ya moto kiasi cha watu kulalamika. Mshawishi babu aoge jioni. Mwambie ni sunna, mwambie ni agizo la daktari, mwambie ni lolote. Wasomaji wa Njombe na Mbeya mnaopitia hapa mwezi wa Juni mtuwie radhi, babu zenu waacheni; huko maji ya moto ni haki ya binadamu.

Mama mwenye friza

Chumba cha nyuma anakaa mama anayeuza barafu za ubuyu na ukwaju. Kila mtu uani anamwogopa, kwa sababu mbili: anawakopesha, na anajua nani hajalipa. Kwa hiyo kikao kinapofika kwenye ajenda ya "vifaa vinavyokula umeme" wote hugeuka kumtazama bachela.

Friji la kawaida la nyumbani, katika joto letu, linakula kama uniti moja kwa siku; friza kuukuu lenye raba ya mlango iliyochoka linaweza kufika mara mbili. Hiyo ni uniti 60 kwa mwezi, nyumba nzima ya mtu mwingine. Wala si dhambi: ni biashara, na watoto wa mtaa wanaihitaji. Dhambi iko katika namna linavyokaa. Limesukumwa hadi ukutani, mgongo wake unaotoa joto umebanwa, juu yake pamepangwa mabeseni, na nguo za shule zinaanikwa kwenye neti ya nyuma siku za mvua kwa sababu "pana joto zuri". Joto hilo zuri ndilo linalotolewa ndani. Likikosa pa kwenda, mashine haipumziki. Livute, liachie nafasi ya kiganja na zaidi.

Kisha fanya jaribio la noti. Bana noti ya shilingi elfu kwenye mlango wa friza, funga, vuta. Ikitoka kwa shida, raba ni nzima. Ikitoka kwa ulaini, baridi nayo inatoka hapo usiku kucha. Ikitoka kabla hujaivuta, kuna mtoto ndani ya chumba. Barafu iliyoganda ukutani mwa friza ikizidi unene wa kidole inakuwa blanketi, inayazuia maji ya ubuyu yasipate baridi, kwa hiyo iyeyushwe. Isigongwe kwa kisu cha jikoni. Fundi wa friji anawafahamu wote waliogonga kwa kisu, ndio waliomjengea nyumba.

Lakini kubwa kuliko yote ni mlango. Kila mtoto mwenye shilingi mia huja na kusimama, friza limefunguliwa, akichagua kati ya nyekundu na nyekundu. Mama akitoa barafu za mchana mara moja tu, akaziweka kwenye boksi la kuhifadhi baridi kama lile la muuza aiskrimu wa baiskeli, friza litafunguliwa mara chache sana kwa siku. Nani atakayempelekea ushauri huu? Kwa kuwa unadaiwa elfu tatu za mwezi uliopita, si wewe.

Joto, pasi na mambo madogo

Pangaboi halipozi chumba, linampoza mtu. Kuliacha linazunguka chumbani mwenyewe ukiwa kazini ni kulipepea godoro.

Kuhusu joto lenyewe, mlaumu aliyekata mwarobaini uliokuwa uani ili ajenge fremu za maduka. Nyumba za zamani za pwani zilikuwa na madirisha yanayotazamana na upepo ukipita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Za sasa tumeziwekea madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo hata ukiyafungua yote yanafunguka nusu, halafu tunanunua feni ya kuvuta upepo uliozuiwa na ile nusu nyingine. Ni mtindo unaopendeza sana kwenye picha.

Pasi ni ya bachela. Ananyoosha shati moja kila asubuhi dakika kumi, pasi ya wati 1,200: mwezi ukiisha zimekwenda kama uniti sita kwa mashati yaleyale matano. Angenyoosha yote Jumapili usiku, akaanza na jinzi, akamalizia na yale mepesi baada ya kuizima, kwa joto lililobaki. Kama ana mchumba mwambie yeye amwambie. Akiambiwa na mpangaji mwenzake atasema unamwonea wivu.

Ni marufuku kupika kwa umeme

Tangazo hili limebandikwa koridoni kwa herufi kubwa na mama mwenye nyumba, karibu na lile la "Usafi wa choo ni zamu". Liko pia kwenye mkataba, pale chini ambapo hukusoma kwa sababu ulikuwa unahesabu kodi ya miezi sita.

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwenye Mto Rufiji kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Koridoni kwenu kuna tangazo. Kati ya hivyo vitatu, tangazo ndilo lenye nguvu.

Na mama mwenye nyumba hana ujinga. Amri yake ilitungwa enzi za hotpleti, yale majiko ya koili iliyo wazi ya wati 1,000 au 2,000, ambayo mpangaji huyaweka sakafuni karibu na pazia, akayachomeka kwenye ekstensheni yenye waya mwembamba wa taa, akachemshia maharage makavu kwa saa tatu. Hilo linakula uniti, linaunguza soketi, na siku moja litaunguza nyumba. Amri haikupata habari kwamba teknolojia imesonga. Presha kuka ya umeme, ile inayojifunga na kujizima, inaivisha maharage kwa kama nusu uniti, kwa sababu mvuke umefungiwa ndani na mashine hupumzika muda mwingi. Linganisha na kopo la mkaa kwa bei ya mjini leo na utaona kwa nini bachela anapika chini ya kitanda.

Maana anapika. Kila nyumba ina mmoja. Sabufa huongezwa sauti saa moja na nusu jioni ili kuzima mlio wa mvuke, dirisha hufunguliwa, pazia hushushwa. Kinachomuumbua ni kitunguu. Mtu unaweza kuficha waya, unaweza kuficha sufuria, lakini kitunguu kikishaingia mafuta ya moto kinatoka chumbani kutangaza. Kwa wanaoishi chini ya sheria hii, mwongozo unapendekeza vyakula visivyo na kitunguu: wali mweupe, mayai ya kuchemsha, na majuto. Ila ekstensheni iwe nene, na isipitishwe chini ya godoro. Hapa hatutanii.

Wengine wote wako uani na mkaa, na huko ndiko ubadhirifu ulikopewa heshima ya mila. Jiko linawashwa saa kumi na mbili kwa ajili ya chai. Chai inachemka, inaepuliwa, na mkaa, ukiwa ndiyo kwanza umeshika vizuri, unaachwa uwake peke yake mpaka uwe majivu, mbele ya watu wazima wanaokunywa chai na kulalamika kwamba mkaa umepanda bei. Angalau telekeni maharage juu yake. Au hamisheni makaa kwenye debe lenye mfuniko yakose hewa yazimike, jioni yatawaka tena. Anayefanya hivyo mtamwita bahili, mpaka mwisho wa mwezi mtakapokwenda kumwazima mkaa.

Maharage yalowekwe tangu usiku. Hakuna kifaa cha kubana nishati kilicho rahisi kuliko bakuli la maji, na hakuna kinachosahaulika kama hicho. Sufuria ifunikwe. Kuna watu wanapika nyama sufuria ikiwa wazi ili "waione", na nyama inaonekana kweli, ikichukua muda wa kutosha mtu kuizoea.

Nitoe pongezi mahali pake: kina bibi wa pwani walikuwa wahandisi. Wali ukikauka maji, bibi haongezi mkaa. Anapunguza moto chini, anafunika, anachukua yale yale makaa anayatandaza juu ya mfuniko, wali unapaliwa ukaiva kutoka juu kwa moto uliokwisha fanya kazi ya kwanza. Hakuwa na mkakati wala semina, na hotelini wakimwalika leo watampa begi na kalamu ili afundishwe.

Wenye mtungi wa gesi wa kilo sita nao wana neno lao: wanapikia koridoni pale upepo unapopita, moto unalala upande mmoja ukipasha ukuta. Sogezeni jiko kwenye kona. Moto ukiwa wa njano badala ya bluu, safisheni matundu ya bana. Masizi chini ya sufuria ni gesi mliyoilipia ikaishia kuchora.

Siri ya uniti 75

Sasa tuje kwenye fedheha kuu, ambayo mlinzi wa taa na tochi yake hawataigusa kamwe.

Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016 kuna kundi la wateja wadogo wa majumbani, D1. Huyu asipozidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inakuwa 122. Akizidisha, zile za juu ya 75 zinatozwa 350 kabla ya kodi, na akiendelea kuzidisha anahamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, T1, ambako uniti ni 292, na kodi zote zikiingia ni kama 356. Ndiyo maana kuna mtu ananunua umeme wa elfu moja anapata uniti nane na wewe unapata 2.8, na wote mnaapa kwamba mwenzako ana fundi.

Nafuu hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo, mwenye taa tatu na redio. Ni wewe huyo kabisa. Ila wewe umejumlishwa na wenzako watano kwenye mita moja. Nyumba yenu ikitumia uniti 150 kwa mwezi, yaani 25 kwa chumba, mbele ya mita mnaonekana tajiri mmoja. Kwa T1 mnalipa zaidi ya 53,000. Kila chumba kingekuwa na mita yake chini ya D1, nyumba nzima ingelipa 18,300. Tofauti hiyo, karibu 35,000 kila mwezi, hakuna mtu aliyeiacha ikiwaka chooni.

Mtu mwenye kimbelembele atasema: ombeni mita zaidi. Kuunganishiwa mteja mpya mjini, njia moja bila nguzo, kumekuwa shilingi 320,960, na ombi lazima mwenye nyumba aliridhie. Nendeni kwake mkiwa wengi, mmevaa vizuri, mbebe na matunda. Atawasikiliza mpaka mwisho, atawamiminia soda, kisha atasema: "Wanangu, mkitaka mita zenu, jengeni nyumba zenu." Au atawaletea mita ndogo, ile sabumita, inayopima matumizi ya kila chumba lakini haiwaondoi T1, na yeye ndiye atakayepanga bei ya uniti. Soda mtakuwa mmekunywa.

Atatokea kishoka pia, jioni, na bisibisi mfukoni, akiahidi kuifanya mita isione. Mwambieni mmeshakula. Wizi wa umeme una kesi, nyaya zisizopitia mita zina moto, na kishoka hana namba ya simu inayopatikana mara mbili.

Namna ya kununua

Baada ya kutekeleza yote hayo, bado uniti zitakwisha, na zitakwisha usiku. Hapa kuna ufundi.

Usiwe mnunuzi wa kwanza wa mwezi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia Luku, ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha ikawa 1,500, na anayenunua kwanza ndiye anayekatwa. Jengo si lako, dari inavuja juu ya kitanda chako, lakini kodi imelipwa kwa simu yako. Kwa hiyo tarehe moja ikikuta mita ina uniti mbili, lala mapema. Nyumba nzima italala mapema. Watu ambao jana waligombana hadi saa saba kuhusu mpira watakuwa wamezima kila kitu kwa hiari, hata friza litachomolewa "lipumzike", na kwa usiku huo mmoja mtakuwa mfano wa kuigwa Afrika Mashariki. Atakayeshindwa wa kwanza ni mama mwenye friza, barafu zake zikianza kulegea; atanunua huku akiongea peke yake kwa sauti ambayo kila chumba kinatakiwa kuisikia.

Zikija tarakimu 20, aziingize mtoto wa darasa la nne. Ndiye mwenye macho, na ndiye pekee asiye na deni daftarini. Mmoja asome nne nne, mwingine amulike, babu asimame nyuma akikosoa. Mkikosea, mita itakataa na mtaanza upya, na kila mmoja atajua ni nani aliyesoma "sita" kwenye "tisa".

Ikikubali, msishangilie. Chumba cha pili kikijua umeme umerudi, kuna shati la kesho halijanyooshwa.